Izara ya Mpangaji
Mhadhara juu ya kununua nyumba na kuipanga



Nimetakiwa niseme jioni hii juu ya jambo ambalo kila mwenye mshahara mjini hulala nalo na kuamka nalo, nalo ni kama inampasa mtu wa pato la wastani anunue nyumba, au apange ya mwenziwe na kulipa kodi mwezi hata mwezi. Ningeweza kulijibu kwa hesabu peke yake, na hesabu nitaileta, kwa kuwa haiepukiki. Lakini kwa kadiri nilivyowachungua wanaoniuliza swali hili, Dar es Salaam na Mombasa, nimeona kwamba aghalabu si hesabu iliyowasukuma kuuliza, bali ni kuona haya. Mtu hupanga miaka kumi kwa raha, kodi haimlemei, mwenye nyumba wake ni mtu wa murua, kisha siku moja arusini au matangani jamaa mmoja humwuliza mbele za watu kama bado yumo katika nyumba za watu. Na tangu siku hiyo hapati usingizi mpaka amenunua kitu, chochote, popote, kwa yeyote. Maneno yangu ya leo ni kwamba izara hiyo humgharimu mtu zaidi ya kodi yenyewe, na kwamba haina mizizi mirefu katika ada zetu kama wengi wanavyodhani.

Tuanze na hilo la ada. Waungwana wa Lamu, zama walipokuwa wakijenga majumba yao ya mawe ya matumbawe na chokaa, walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumwongezea orofa juu ya nyumba ya wazee wake. Na mume, hata akiwa wa nasaba kubwa na mwenye jahazi baharini, akihamia kwa mkewe. Bwana huyo hakununua wala hakupanga. Alikaa katika milki ya mke, akapokea wageni wake barazani kwa mke, na hapana aliyemhesabu kuwa mnyonge. Kadhalika wafanyabiashara walioletwa na kaskazi kutoka Maskati, Hadhramaut na Bara Hindi hawakununua nyumba katika kila bandari walikoteremka. Walipanga, wengine kungoja kusi iwarudishe makwao, wengine umri wao wote, na heshima yao ilipimwa kwa amana waliyoitunza na deni walilolilipa.

Unguja nako, katika karne ya 19, kulikuwa na muamala ambao ningependa kila anayetaka kukopa benki aujue. Mwenye nyumba au shamba aliyehitaji fedha, maadamu riba ni haramu, hakukopa kwa jina la kukopa. Aliuza milki yake kwa mwenye mali kwa sharti la khiyari, yaani akabaki na haki ya kuirejesha akitoa thamani ile ile ndani ya muda waliopatana, na papo hapo akaipanga kwa huyo mnunuzi, akaendelea kukaa humo na kulipa ijara. Asubuhi alikuwa mwenye nyumba, alasiri akawa mpangaji, na hakuhamisha hata mkeka. Ijara hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa faida ya mkopo, na mafakihi, ambao si watu wa kudanganyika kwa majina, walibishana sana juu ya uhalali wake. Ninachotaka mkione ni kwamba wazee wetu walijua vyema kuwa milki na makazi ni mambo mawili, na kwamba mtu aweza kuwa na moja bila ya jingine akatembea barabarani kifua mbele.

Lakini mfano mzito kuliko yote uko Mombasa, na waliozaliwa Majengo au Kisauni hawahitaji kufafanuliwa. Huko yuko mtu mwenye nyumba asiye na ardhi. Kiwanja ni cha mwingine, tajiri, au wakf, au ukoo uliothibitishiwa milki yake kwa sheria ya mwaka 1908, pale serikali ya Kiingereza ilipowataka watu wa ukanda wa pwani walete madai yao ya ardhi, na waliojua njia ya ofisi wakaandikiwa, na wasiopata habari ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya Taji. Juu ya kiwanja hicho yule asiye na hati amejenga nyumba yake kwa mali yake, ya fito na udongo au ya mawe, akaiezeka kwa makuti au mabati. Hulipa kodi ya kiwanja, nayo nyumba yenyewe anaweza kuiuza, kuirithisha, au kuipangisha chumba kwa chumba. Sheria ya Kiingereza haikujua ilifanyeje jambo hili, kwa sababu kwao kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi. Ilhali ada ya pwani, ikitegemea fikihi, ilikubali tangu kale kwamba ukuta una mwenyewe, na udongo ulio chini yake una mwenyewe mwingine.

Je, mtu huyu amenunua au amepanga? Tusiharakie kumhurumia. Kwa kuwa bei ya ardhi imeondolewa katika hesabu, nyumba bila ardhi imewafikia makuli wa bandarini, mafundi seremala, wauza samaki na wajane, ambao kama wangengoja hadi wapate hati wangezikwa wakingoja. Na wengi wao walisomesha watoto kwa kodi ya vyumba viwili vitatu walivyovipangisha. Hasara yake huja siku ardhi inapopanda thamani. Mwenye kiwanja hufariki, warithi wake huuza, mnunuzi mpya hutaka kusimamisha ghorofa, na mwenye nyumba, ambaye mkono wake hauna mkataba wa miaka bali risiti za mwezi kwa mwezi, huletewa notisi abomoe na achukue milango yake na mabati yake. Hapo ndipo hujua ni kipi alichokuwa amekinunua na ni kipi alichokuwa amekipanga. Si kwamba alidanganywa. Tangu mwanzo alijua kiwanja si chake. Ila mazoea ya miaka arubaini humsahaulisha mtu masharti.

Na ninyi wenye hatimiliki mlioketi mbele hapa, msicheke upesi. Tanganyika ilifuta milki ya daima ya ardhi mwaka 1963, ikaigeuza kuwa ya miaka 99, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekariri kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati amepewa muda na masharti ya matumizi, na kila mwaka anadaiwa kodi ya pango la ardhi. Asipoilipa, serikali ina njia ya kumfikisha barazani na mwisho wa yote kumfutia haki yake. Nani asiyekumbuka mwaka 1971, sheria ya kutwaa majengo ilipoyachukua majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakakabidhiwa Msajili wa Majumba, ambaye kazi yake mwaka 1990 iliunganishwa na ile ya Shirika la Nyumba la Taifa? Sitaki kuufungua leo mjadala wa haki na dhuluma ya tendo lile; kila upande una hoja zake, na wengine wenu wazee wenu walikuwa upande mmoja na wengine upande wa pili. Naleta habari hii ili tuache kunena habari za "nyumba yangu" kana kwamba ni kitu kilichoteremshwa pamoja nasi.

Basi kununua nyumba ni kununua fungu la haki, na kupanga ni kununua fungu dogo zaidi kwa muda mfupi zaidi. Na mtu mwenye akili huuliza kila fungu lina nini ndani yake kabla ya kuuliza jirani zake watasemaje.

Sasa hesabu, na nawaomba mniwie radhi wale msiopenda tarakimu. Tuseme kuna nyumba inayouzwa shilingi milioni 120, na nyumba kama hiyo, mtaa huo huo, hupangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Bei yake ni kodi ya miaka 20. Mwenye milioni 120 taslimu na afikirie peke yake. Lakini wengi wetu hatuna, na benki ndiyo itakayotoa. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, ambayo si ngeni kwetu, na muda ni miaka 20. Malipo ya kila mwezi yatakuwa takriban shilingi 1,580,000, zaidi ya mara tatu ya kodi, na hadi siku ya kulikamilisha deni mtu atakuwa ametoa kiasi cha milioni 379 kwa nyumba ya milioni 120. Mtaniambia kodi hupanda, nami nakiri. Basi tuipandishe asilimia 5 kila mwaka kwa miaka ishirini yote. Jumla ya kodi itafika kiasi cha milioni 198. Mpangaji amebakiwa na tofauti ya milioni 181.

Hapa ndipo wahesabuji wengi husimama na kumpongeza mpangaji, na hapa ndipo mimi huwaacha. Amebakiwa nazo wapi? Kama kila mwezi alizitenga, akanunua hati fungani za serikali, au akaongeza mtaji wa duka, au akanunua kiwanja kilichopimwa, basi amefanya tadbiri njema, na siku hiyo ya mwisho huenda akamshinda mwenye nyumba. Lakini kama tofauti ile ilikwenda kwenye michango ya arusi na simu mpya na safari za Dubai, basi mwenye deni, ambaye alidaiwa na benki kila mwisho wa mwezi na hakuwa na njia ila kulipa, amebaki na nyumba iliyopanda thamani, na mpangaji amebaki na picha. Mkopo ni akiba ya kulazimishwa, tena akiba ya bei ghali mno. Ila kwa mtu asiyeweza kujilazimisha mwenyewe, sitathubutu kumwambia asiuchukue. Yule ambaye riba humzuia kwa sababu ya dini, anazo siku hizi benki zinazouza kwa murabaha, yaani kwa bei iliyoongezwa faida, au kushirikiana naye katika umiliki hadi fungu lao liishe. Na asome masharti kwa jicho lile lile la mafakihi wa Unguja, kwa maana faida iliyobadilishwa jina bado hutoka katika mfuko wake.

Nimesema benki, lakini hakika watu wetu walio wengi hawanunui wala hawakopi: wanajenga. Mtu ananunua kiwanja Chanika au Bunju au ng'ambo ya Kigamboni, mwaka huu msingi, mwaka ujao matofali, boma likasimama bila paa mvua tatu za masika, kisha lenta, kisha apaue anapopata kiinua mgongo. Na muda wote huo analipa kodi kule anakokaa. Sisi tuna mazoea ya kuwasifu watu hawa kwa subira, nami nawasifu. Walakini kuna gharama ambayo sijamwona fundi akiiandika katika makadirio: fedha iliyolala katika boma miaka minane haikuzaa kitu, saruji iliyonunuliwa mapema iliganda, mbao ziliibwa, na mwishowe bwana yule akahamia mahali ambapo anaamka saa kumi alfajiri awahi daladala, akarudi watoto wamelala. Alikuwa akipanga Magomeni kwa kodi ya kadiri, akitembea kwa miguu kwenda kazini Kariakoo. Izara ilimtoa Magomeni, haikuwa hesabu.

Wala sisemi kwamba mpangaji wa zama zetu yumo katika neema. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliyomkinga mpangaji Tanzania ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ngao yake ni mkataba wake, ambao aghalabu ni karatasi moja iliyonunuliwa dukani. Kenya sheria ipo, lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho leo ni taabu kupatia chumba cha maana mjini. Dar es Salaam mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja kwa kazi ya kufungua mlango. Hata kodi ya jengo, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba, tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, na anayenunua umeme ni mpangaji. Inampasa aidai au aikate katika kodi yake. Ni wangapi wanaothubutu?

Nani basi anunue? Kwa rai yangu, anunue yule ambaye kazi yake na shule za watoto wake zimemfunga mahali pamoja kwa miaka mingi ijayo, na ambaye akilipa deni lake kila mwezi bado anakula vizuri na kumtibu mgonjwa bila kuzunguka kukopa. Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa serikali ambaye barua moja yaweza kumpeleka Kigoma kabla ya mwezi kuandama, huyo na apange kazini, na kama ana hamu ya milki ajenge nyumbani kwao, ambako hata asipokuwapo wapo wa kuiangalia. Na huyo anunuaye asitoe shilingi kabla ya kufanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, kabla ya kuwauliza majirani wa pande zote nne mipaka ni ipi na mwenyewe ni nani, na kabla ya kuiona ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ya mwenziwe kuridhia, na si mara moja tumesikia mnunuzi akifika na mizigo yake akamkuta mlangoni bibi ambaye hakuulizwa. Kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili hakimpi mnunuzi wa pili nusu, humpa kesi.

Limebaki jambo ambalo watu hulitaja kwa mwisho ingawa ndilo walilolifikiri kwanza: watoto. Baba husema nanunua ili niwaachie. Na tuitazame nyumba yetu ya Kiswahili, ile ya Kariakoo au Majengo, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo. Baba amefariki, ameacha mjane, wana watatu wa kiume na wawili wa kike. Kwa sheria ya mirathi mjane ana thumuni, na kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Ukitafuta idadi inayogawanyika bila kuvunjika utapata mafungu 64, mama akachukua 8, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Vyumba ni sita. Hapana fundi duniani awezaye kulikata jengo la vyumba sita mafungu 64, basi ama nyumba inauzwa na kila mmoja anapata kiasi ambacho hakimtoshi kununua hata choo mtaa ule ule, ama mmoja anabaki ndani na wengine wanamhesabia kodi moyoni miaka na miaka, hadi salamu zinakatika. Wazee waliolijua hilo waliifanya nyumba wakf kwa kizazi chao, isiuzwe wala isirithiwe. Nayo ikaokoka na ugomvi, ikaanguka kwa ukosefu wa chokaa, maana cha wote hakina wa kukitengeneza. Mji Mkongwe unazo kuta za namna hiyo za kutosha. Mpangaji aliyeacha fedha au hisa au mifugo ameacha kitu kinachogawanyika hadi senti ya mwisho kabla hanga halijavunjwa.

Najua atainuka mama mmoja aniulize: na mimi mjane, katika huo muda wa kugawana, nitakaa wapi? Swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na majibu yake hayako upande mmoja. Eda ni miezi minne na siku kumi, na mjane hapaswi kutolewa katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe; lakini nimeona warithi wa nyumba ya kununuliwa wakileta wateja waitazame kabla ya arubaini, kwa sababu nyumba ni mali yao na haraka ni yao. Katika nyumba ya kupanga hatari ni nyingine: mwenye nyumba aweza kusema mkataba wangu ulikuwa na marehemu, nami sikumjua mwanamke. Dawa yake ni ndogo na haihitaji wakili. Mkataba uandikwe kwa majina mawili, la mume na la mke, wote watie saini, na risiti ya kodi iwe na majina hayo mawili; na ile desturi ya Dar es Salaam ya kulipa mwaka mzima mbele, ambayo kila mpangaji huilaani akiwa hai, ndiyo hapo itakayompa mjane haki ya kufunga mlango wake kwa ndani hadi mwezi wa kumi na mbili, na hapana shemeji wala dalali atakayemgongea.